Simu Haimlei Mtoto

Yako maradhi yasiyo na homa wala kikohozi, nayo ndiyo yanayochelewa kutambuliwa. Mojawapo ni utumwa wa simu janja kwa watoto wetu wanafunzi.

Mimi ni mzaliwa wa Mbulu, na wajomba zangu wako Hanang. Nikipanda huko wakati wa likizo, huwaona vijana waliotoka shule za bweni, ambako simu ni marufuku, wakikesha mpaka usiku wa manane nyuso zao zikimulikwa na kioo. Kulipokucha, bibi husalimiwa kwa mkato, na ng'ombe hutolewa zizini na mtu mwingine.

Wataalamu nao hawakunyamaza. Mwaka 1985 Ed Diener wa Marekani na wenzake walitunga kipimo cha sentensi 5 cha kumpima mtu jinsi alivyoridhika na maisha yake. Mwaka 2013 watafiti wa Korea ya Kusini wakatunga kipimo cha utegemezi wa simu janja. Tafiti nyingi za namna hii kwa wanafunzi zimeonyesha kwamba utegemezi unapozidi, kuridhika huelekea kupungua. Lakini tusihukumu haraka. Simu yaweza kumnyima mtoto usingizi na raha. Na mtoto asiye na raha aweza kuikimbilia simu. Mambo haya huvutana kama maksai wawili wa plau moja.

Wala sisemi simu ilaaniwe. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipofunika sehemu ya mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, sisi tuliokuwa mbali tuliwatafuta ndugu zetu kwa simu hizo hizo.

Nisemalo ni hili: wazazi wengi walio kazini Arusha au Dar es Salaam humpelekea mtoto simu mahali pa kwenda wao wenyewe. Fedha ya bando hupatikana, nauli haipatikani. Kumpokonya mtoto simu kwa ukali hakutoshi, maana upweke wake utabaki pale pale. Muulize kwanza anakimbia nini, kisha umsikilize hadi mwisho. Usiku, simu zote za nyumba zifungiwe kabatini, ya baba ikiwa ya kwanza. Mtoto hufuata aonalo kuliko aambiwalo.