Herufi za Damu ya Nyani

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na aghalabu huwakuta nyani wamekaa kando ya lami wakimtazama mfano wa watoza ushuru. Wachache miongoni mwa wasafiri hao wajua kwamba nyani wa mbuga ile wamo katika historia ya sayansi.

Walipopimwa damu, wawili kati yao walionekana kuwa na dalili za virusi ambavyo ni jamaa wa virusi vya UKIMWI, navyo vilikuwa vikijulikana kuwa ni vya tumbili. Mwaka 1994 Beatrice Hahn wa Birmingham, Marekani, na wenzake wakatangaza walichokisoma. Hawakuvikuza virusi vyenyewe; walichukua vinasaba vya chembe nyeupe za damu, wakavirudufu vipande walivyovitaka mpaka vikatosha kusomeka. Kwa nyani mmoja wakasoma herufi 673 mahali pamoja na 908 mahali pengine. (Virusi vya yule wa pili havikusomwa.) Jibu likawa wazi: virusi vilitoka kwa tumbili waishio naye katika pori lile lile. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja kwamba virusi vya namna hiyo huvuka porini kutoka jamii moja ya kima hadi nyingine. Methali humcheka nyani kwa asichokiona. Safari hii yeye ndiye aliyewaonesha watu.

Lakini mpenda shairi hatatosheka na herufi. Atamtaka msomaji wake. Kazi ya namna hii mara nyingi huangukia mikononi mwa mtu aliyekwisha kupata shahada ya uzamivu, lakini bado hajapata maabara yake mwenyewe. Hukaa kwa bingwa miaka miwili, mitatu, kama vile kijana ajuaye tayari vina na mizani anavyoendelea kukaa barazani kwa malenga, si kwa kufundishwa tena, bali kwa kutafuta sauti yake. Miaka hiyo ndiyo imfanyayo mtafiti. Na baraza hizo, kwa wasomi wa bayolojia ya molekuli, nyingi zimekuwa ng'ambo. Damu ya Mikumi ilisafiri. Kijana wa Kilosa atakaye kuisoma naye hana budi kusafiri, na wengine hawarudi. Si haki kuwalaumu.

Lau nafasi hizo zingekuwa nyingi Morogoro! Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko hapo, mwendo wa saa chache kwa basi, na ndani yake kituo cha SACIDS kinachochunguza kwa pamoja maradhi ya watu, mifugo na wanyamapori. Wilaya ya Kilosa yataka macho ya namna hiyo: wakulima, wafugaji na wanyama wa mbuga wapakana. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 2007, Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoguswa, na ugonjwa huo humpata mtu kwa kushika damu ya mnyama mgonjwa.

Mtafiti huyo hahitaji mengi. Ahitaji mshahara wa miaka mitatu usiokatika mfadhili anapochoka, kemikali zisizokaa bandarini hadi zikaharibika, na friji ambayo umeme ukizimika, yenyewe haizimiki.