CV ya kurasa tano, rezume ya ukurasa mmoja

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, mniwie radhi. Nilikuwa natafuta kazi. Na kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza, "Tutume CV au rezume?", acha nisimulie yaliyonipata.

CV yangu ya kwanza niliichapishia saiba moja hapa Mathare, kando ya Juja Road, punde tu baada ya kuhitimu shahada ya sayansi ya kompyuta. Kurasa tano! Nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa (kapera, kana kwamba kompyuta inajali), alama za KCPE na KCSE, uenyekiti wa chama cha mijadala shuleni, na mwishoni majina ya watu watatu wanaonifahamu, mmoja wao mchungaji wetu. Mama alihifadhi nakala katika faili ya plastiki pamoja na risiti za karo.

Niliituma kwa kampuni za ng'ambo zinazoajiri watengenezaji programu wafanyie kazi nyumbani. Kimya. Mwishowe moja ikajibu kwa mstari mmoja: tuma rezume, ukurasa mmoja, bila picha wala umri.

Curriculum vitae ni Kilatini, yaani mwendo wa maisha. Rezume imetoka Kifaransa, maana yake kilichofupishwa. Wamarekani huachia CV wahadhiri na watafiti, wenye orodha ndefu za machapisho. Wengine wote hutuma rezume. Sheria yao ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, dini, jinsia na asili, kwa hivyo waajiri wengi hawataki hata kuiona picha yako. Waingereza, na sisi tuliorithi desturi zao, tunaita CV hata karatasi mbili. Basi usikwame kwenye jina. Tazama tangazo limetoka wapi.

Nikaanza kufuta. Dini, ndoa, KCPE, mchungaji. Kisha nikafika kwenye anwani.

Niwaambie ukweli: kwa muda mrefu niliandika anwani ya shangazi yangu wa Buruburu. Kwenye usaili mmoja hapa mjini niliwahi kuulizwa kama mtu wa Mathare anaweza kuachiwa laptopu ya ofisi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa asili yake ya kijamii, lakini nani atathibitisha kwa nini barua yake iliwekwa kando? Rezume ilitaka "Nairobi, Kenya" tu. Nilishusha pumzi.

Tatizo ni kwamba kazi yangu bora niliifanyia papa hapa. Ni programu ya chama cha akina mama 32, inayosoma ujumbe wa M-Pesa na kuandika nani amechanga. Ningeiitaje, "mradi wa kifedha kwa mteja binafsi"? Niliandika hivyo, nikafuta. Nikaandika: chama cha akina mama, Mathare.

Mama alipoiona akaigeuza nyuma kutafuta mengine.

"Miaka yote ile ya karo, baba, karatasi moja?"

"Zile nyingine ziko, Mama. Hii ni ya kubisha hodi tu."

"Na mchungaji umemtoa?"

Sikuwa na jibu.

Siku hizi nina faili moja ya maandishi yenye kila kitu nilichowahi kufanya, na skripti fupi inayochomoa kinachotakiwa: kurasa tano au moja. Data ni ile ile.

Usaili ulichukua dakika 40, na nusu yake ilikuwa ya chama. Waliuliza: je, wanachama wawili wakituma kiasi sawa dakika ile ile? Nikaeleza kwamba kila muamala wa M-Pesa una nambari yake ya kipekee, na hiyo ndiyo ninayohifadhi. Nilijua kwa sababu toleo la kwanza lilimnyima Mama shilingi 200, na sikulala siku hiyo.

Naanza Jumatatu. Ile kazi ya serikali niliyoomba pia bado inataka kurasa zote tano, na cheti cha maadili mema kutoka DCI.