Matini Yenye Mlinzi: Tafakuri ya Mhakiki Chini ya Uluru

Nadharia nyingi za uhakiki tunazofundisha zimejengwa juu ya imani ambayo aghalabu haitamkwi: kwamba matini ikishakuwapo, yeyote mwenye elimu na subira ana haki ya kuisoma hadi mwisho. Imani hiyo ilitikisika nilipokuwa miongoni mwa kundi la walimu wa fasihi waliozuru Uluru, katika jangwa la Australia ya kati.

Uluru ni jabali la rangi ya kutu linalopanda mita 348 juu ya uwanda. Mwaka 1873 mpimaji William Gosse aliliita Ayers Rock, kwa heshima ya mwanasiasa Henry Ayers, kana kwamba halikuwa na jina. Wenyewe, yaani Waanangu, walirejeshewa hati ya ardhi hiyo tarehe 26 Oktoba 1985, kisha wakaikodisha kwa serikali kwa miaka 99 iwe mbuga ya taifa. Kwa miaka mingi waliwasihi wageni wasilipande. Wengi walipanda, wakishika mnyororo uliofungwa mwambani. Tarehe 26 Oktoba 2019 upandaji ulipigwa marufuku. Sisi, basi, tulitembea chini yake.

Kwa Waanangu, jabali hili limebeba Tjukurpa, dhana inayojumuisha asili ya ulimwengu, sheria na mwenendo wa watu. Penye kidimbwi cha Mutitjulu, kiongozi wetu alituonyesha alama mwambani za pambano la Kuniya, chatu wa kike, aliyelipiza kisasi kwa Liru, nyoka mwenye sumu, kwa ajili ya mpwa wake. Kisha akanyamaza. Mwenzetu mmoja alipouliza mengine, alijibiwa kwa adabu kwamba yaliyobaki si ya wageni. Mbele zaidi mabango yalitukataza kupiga picha: yapo mahali pa wanaume na mahali pa wanawake, na maumbo ya mwamba huo yapaswa kutazamwa papo hapo tu.

Hoja yangu ni kwamba kimya kile ni sehemu ya utanzu wenyewe. Katika fasihi simulizi tumezoea kuichukulia hadhira kuwa wale waliohudhuria. Pale hadhira huteuliwa kwa umri, jinsia na daraja la maarifa, na uteuzi huo huamua masimulizi yaishie wapi.

Suala hili si geni kwetu. Nyimbo za unyago hazikutungiwa kila sikio, na wazee wa Kaya za Mijikenda, misitu iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, wana sheria zao kuhusu nani aingie na aone nini. Hata hivyo, tunawatuma wanafunzi nyanjani na vinasa sauti, tukipima mafanikio yao kwa wingi wa walichorekodi.

Yuko atakayesema kwamba kisichorekodiwa huzikwa na wazee. Hatari hiyo ni ya kweli, nami siipuuzi. Lakini anayestahili kuipima ni mwenye urithi, si mwenye kinasa sauti. Tasnifu itakayoeleza kwa makini mpaka uko wapi, nani anaulinda na kwa sheria gani, itakuwa imetufunza jambo la msingi kuhusu fasihi hiyo, nasi watahini tuipe alama zake kamili.