Klabu na Matundu ya Choo

Mimi ni katibu wa klabu ya Rotary ya mji mdogo. Daftari la mihtasari nalitunza tangu tulipokuwa tukikutana barazani, dukani kwa mwenzetu. Anayetaka historia yetu asimwendee rais, aje kwangu. Humu hamna hotuba. Mna aliyechelewa akatozwa faini, asiyelipa ada, na aliyekula maandazi ya mwenziwe (hilo liliandikwa kwa agizo la kikao).

Klabu haipewi hati bila waanzilishi 20. Kuwapata si kazi. Wengi huja wakitafuta wateja. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikaa karibu na mkandarasi, na si kwa bahati. Mimi sikuona ubaya. Hata klabu ya kwanza, Chicago, ilianza hivyo: Februari 23, 1905, wakili Paul Harris aliketi na muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na mshonaji, na katiba yao ya mwanzo ilihusu biashara na urafiki tu. Mwaka uliofuata Donald Carter, mwanasheria, alialikwa akakataa, kwa kuwa chama hakikuwa na faida kwa mtu wa nje. Wakaongeza kifungu cha kuuhudumia mji, naye akaingia. Kisha wakapigania choo cha umma. Wenye baa na maduka makubwa walipinga: aliyebanwa na haja alikuwa akiingia kwao, na kutoka bila kununua kitu ni aibu.

Kisa hicho nilikisimulia kikaoni tulipogawanyika. Kundi moja lilitaka lango la mji lenye nembo yetu. Mweka hazina, mama mwenye mgahawa, alitaka matundu ya vyoo ya wasichana katika shule ya msingi. Wanawake wameruhusiwa Rotary kote duniani tangu 1989 tu, na yeye hachoki kutukumbusha. Lango lingepigwa picha na kila msafiri. Choo, nani atakikatia utepe?

Choo kikapita. Baadhi ya waanzilishi hawakuonekana tena, na nadhani klabu ilianza hapo hasa. Mwenye lori alileta mchanga, mwashi akafanya kazi kwa soda na chakula.

Sasa shimo limejaa. Shule inasema gari la kunyonya majitaka tulilipie sisi, sisi tunasema kamati ya shule. Ndiyo ajenda ya kwanza Alhamisi.