Kungumanga za Kariakoo Zilivyomlaza Bi Harusi Hospitali

Mdada mmoja, jina kapuni, muuza magauni Kariakoo mtaa wa Kongo, alibakiza wiki mbili aolewe. Somo yake akamwambia anywe uji wa kungumanga, damu ichemke. Mambo ya Pwani hayo, wamama wa Zanzibar wanayajua toka enzi.

Kitu chenyewe ni kokwa ya tunda la njano, kwa mbali kama pera. Ule utando mwekundu unaoizunguka ndiyo basibasi. Asili yake visiwa vya Banda, Indonesia. Wachina nao ni dawa yao ya kuharisha, ila huikaanga kwanza ipungue mafuta. Na kwenye mafuta ndiko kuliko na shughuli yote, kuna kemikali inaitwa miristisini.

Mzee aliyemuuzia alimwambia akwangue kidogo tu, kama ya kuonja. Mdada akakwangua nusu kokwa, akanywa saa moja jioni. Saa mbili, kimya. Akaona kauziwa feki, akaongeza mbili nzima! Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Kungumanga haina haraka, inaweza kuchukua saa tatu mpaka sita ndiyo ianze.

Saa sita usiku mdomo umekauka, moyo mbio, kuta anaziona zinamsogelea. Nyumbani wakasema jini. Kaka yake akamkimbiza hospitali na bajaji.

Daktari anauliza, "Umekula nini?" Mdada kimya. Atasemaje, na wifi mtarajiwa kasimama pale pale, simu mkononi? Akaulizwa kama amevuta bangi, akaanza kulia. Wifi kakodoa macho, na ile ndoa ilikuwa inaondoka hivi hivi. Nesi mmoja mtu mzima akamtoa wifi nje, akainama. "Sema mwanangu, tupo wawili." Akamnong'oneza. Nesi wala hakucheka.

Dawa ya kuiondoa mwilini hakuna. Aliwekewa dripu, wakawa wanamwangalia moyo, mpaka kesho yake jioni ndiyo kuta zikatulia. Nesi akamwambia angekuwa mjamzito, au yuko kwenye dawa za sonona, ingekuwa habari nyingine kabisa. Wifi aliambiwa ni presha ya maandalizi.

Harusi ilifungwa. Biriani ilinukia kungumanga toka getini, bi harusi akaagiza chipsi.