Jaketi Jepesi la Mbizi na Zile Kilo Tatu Zilizobaki

Leo naweka kando mambo ya programu na seva nizungumzie kifaa ambacho hakina hata transista moja ndani yake, lakini kimenisumbua akili kwa wiki tatu kuliko programu yoyote niliyoandika mwaka huu. Kifaa chenyewe ni jaketi la kuelea la mpiga mbizi, lile ambalo wapiga mbizi karibu wote huliita BCD. Tena si jaketi lolote. Natafuta lile jepesi la kusafiria, la maji ya joto kama haya yetu ya Bahari ya Hindi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuzama, nieleze kidogo. Mpiga mbizi hubeba mtungi wa hewa mgongoni, na lazima kuwe na kitu cha kuushikilia. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jaketi. Kazi ya pili ndiyo muhimu zaidi: ndani yake mna kibofu. Ukibonyeza kitufe kimoja, hewa kutoka kwenye mtungi inaingia kibofuni. Ukibonyeza kingine, inatoka. Kwa njia hiyo unaamua kama utaelea, utazama, au utatulia palepale ulipo kama samaki.

Kwa nini mtu asielee tu kwa nguvu za Mungu? Sababu ni kanuni aliyoitoa Robert Boyle mwaka 1662. Ukishuka mita 10 baharini kanieneo inakuwa maradufu ya ile ya juu, na hewa yoyote inayoweza kubanwa inabaki nusu ya ujazo wake. Suti ya mbizi imejaa viputo vidogo vya gesi, kwa hiyo kadiri unavyoshuka inakuwa nyembamba na nguvu yake ya kukuelesha inapungua. Upande wa pili, kadiri unavyovuta hewa mtungi unazidi kuwa mwepesi. Yaani uzito wako majini unabadilika kila dakika, na jaketi ndilo linalosawazisha hesabu. Mfaransa Maurice Fenzy alikuwa na jaketi la kuvaa shingoni mwaka 1961, na mwaka 1971 kampuni ya Scubapro ikatoa lililovaliwa kama koti. Mpaka leo mengi bado yanafuata umbo hilo.

Haya, tatizo langu liko wapi? Liko kwenye mizani ya uwanja wa ndege.

Mimi na dadangu mdogo tumepanga kwenda Mafia, kisiwa cha Tanzania kilicho kusini mwa Dar es Salaam. Ghuba ya Chole iko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na upande wa Kilindoni kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi. Sasa, ndege za kutoka Dar kwenda huko ni zile ndogo ambazo kwa kawaida humpa abiria kilo 15 tu, na mara nyingi hizo ni pamoja na mkoba wa mkononi. Ni sawa na zile zinazotoka Wilson kwenda Ukunda au Lamu.

Nilipima vitu vyangu kwa mizani ya jikoni nikaviandika kwenye jedwali. Kidhibiti cha hewa na mabomba yake, kilo 3. Mapezi, kilo 2. Miwani na mrija, nusu kilo. Suti ya milimita 3, kilo moja na nusu. Kipakatalishi na chaja yake (mnajua kazi yetu, seva haziendi likizo), kilo 2. Nguo na dawa, kilo 3. Jumla ni kilo 12. Zinabaki 3.

Majaketi mengi ya kukodisha yana uzito wa kuanzia kilo tatu na nusu hadi 5. Haya ya kusafiria ni kati ya kilo 2 na 3. Kwa hiyo kwa kipimo cha kilo tu jibu ni wazi, na watu wengi wanaishia hapo. Lakini mtu anayeunda programu anajua kwamba ukiambiwa kitu kimekuwa chepesi, swali la kwanza ni hili: kimeondolewa nini?

Nikaanza kuchunguza moja baada ya jingine.

Kwanza, bamba gumu la mgongoni. Majaketi mengi mepesi hayana, yana kitambaa kilichoimarishwa tu. Faida yake ni kwamba jaketi linakunjika na kuingia begini. Hasara ni kwamba mtungi unaweza kuyumbayumba mgongoni, hasa kama mkanda wa kuufunga ni mmoja. Dawa yake ni rahisi: lowesha mkanda kabla ya kuukaza, kwa sababu nailoni ikilowa inanyooka, na mkanda uliokazwa ukiwa mkavu hulegea ukifika majini.

Pili, sponji. Hapa kuna siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Sponji la kukulinda mgongo na mabega linaelea lenyewe. Ukivaa jaketi lenye sponji jingi unalazimika kuongeza vizito vya risasi ili uweze kuzama. Ukiliondoa unapunguza mzigo wa ndege na pia vizito vya kiunoni, na kwenye maji ya joto, ambako unavaa suti nyembamba au kaptura tu, hilo mgongo unalihisi.

Tatu, mifuko ya vizito. Majaketi mazito yana mifuko maalumu ya kuwekea risasi. Mengi ya mepesi hayana, unavaa mkanda wa vizito kiunoni. Kwa mtu wa kilo 3 au 4 za risasi hilo halina shida. Tena kwenye mashua zetu ndogo ambako unavua vifaa ukiwa majini na kumpa nahodha, unampa mkanda kwanza kisha jaketi, naye havunjiki mgongo kuvuta vyote kwa mpigo mmoja.

Nne, kitambaa. Chepesi ni nailoni nyembamba. Kama mbizi zako ni za kuingia kwenye meli zilizozama, mfano ile MV Dania iliyozamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka 2002, chuma chenye kutu kinaweza kukitoboa. Kwa miamba ya matumbawe, ambayo hata hivyo hupaswi kuigusa, nailoni nyembamba inatosha.

Tano, ndiyo iliyonikosesha usingizi: nguvu ya kuinua. Jaketi jepesi lina kibofu kidogo. Je, kinatosha kumwinua mtu?

Hapa sikutaka maneno ya matangazo, nilitaka namba. Tuchukue mtungi wa alumini wa lita 11 hivi, ambao hutumika sana kwenye maji ya joto. Ukijazwa hadi baa 200 una takriban lita 2,200 za hewa, na lita moja ya hewa ina uzito wa kama gramu 1.2. Kwa hiyo hewa peke yake ni kilo 2.6. Ndiyo, hewa ina uzito! Mtungi huo ukijaa unazama kidogo, ukiisha unaelea kwa kama kilo 2. Sasa fikiria mtu aliyepangiwa vizito vizuri, yaani ametulia bila kuzama wala kuelea akiwa mita 5 na baa 50 zimebaki. Mwanzo wa mbizi atakuwa mzito kwa ile hewa ambayo hajaivuta, kama kilo 2. Akifika chini, suti yake nyembamba inampokonya tuseme kilo moja na nusu. Jumla ni kilo tatu na nusu.

Hesabu ya pili ni juu ya maji. Akivua vifaa vyote na kuviacha vielee, jaketi libebe mtungi uliojaa, kidhibiti cha hewa, na hata kilo 3 za risasi zikiwa humo: haizidi kilo 6. Hesabu ya tatu, atake kichwa kikae juu kabisa ya mawimbi. Kichwa cha mtu nje ya maji ni kama kilo 5. Ongeza zile 2 za hewa, unapata 7.

Kwa hiyo jaketi la kilo 10 za kuinua linamtosha mtu mdogo kwenye maji ya joto, na bado kuna akiba. Kwenye lebo huandikwa kwa newtoni au pauni: newtoni 100 ni kama kilo 10, na pauni 22 vilevile. Angalieni pia kwamba saizi ndogo huwa na nguvu ndogo kuliko saizi kubwa ya jaketi lilelile, kwa hiyo someni namba ya saizi yenu, si ile kubwa ya kwenye tangazo.

Hapo nikadhani kazi imekwisha. Hesabu imekubali, nichague lenye kibofu cha mgongoni, jepesi kuliko yote. Kibofu cha mgongoni kinakuweka sawa kabisa chini ya maji, umelala kama ubao, na kifua kinabaki huru. Mimi napenda hivyo.

Lakini pesa zilikuwa za jaketi moja. Haya majaketi yanauzwa dola mia kadhaa, na ukiongeza usafirishaji na ushuru inakuwa bei ya simu nzuri. Moja tu. Basi swali likageuka: la nani?

Dadangu alikua bara kama mimi. Alijifunza kuogelea akiwa na miaka 27, kwenye kidimbwi hapa Nairobi, na cheti chake cha mbizi bado ni kipya. Chini ya maji ametulia kunishinda. Hofu yake ni juu, pale mnapoibuka na mashua iko mbali na wimbi linakupiga usoni. Na kibofu cha mgongoni, ukikijaza sana ukiwa juu, hukusukuma mbele kidogo kifudifudi. Mzoefu anaegemea nyuma kama yuko kwenye kiti na mambo yanaisha. Kwa mtu ambaye hofu yake iko palepale, ni jambo la kufikiria. Lebo zenyewe husema wazi kwamba BCD si jaketi la kuokolea maisha: haliahidi kuuweka uso wako juu ukizirai.

Halafu kuna suala la saizi. Mimi ni wa saizi ya kati, na saizi ya kati iko kila kituo. Yeye ana kilo 52. Kila tulipokodi alipewa jaketi linalompanda mpaka masikioni kila likijaa hewa, na mtungi ukaenda upande wake. Jaketi lisilokaa mwilini linakuinua lenyewe na kukuacha wewe chini.

Kuna jambo la tatu. Miaka miwili iliyopita, katika kituo kimoja ambacho jina lake nitaliacha, nilipewa jaketi ambalo kitufe chake cha kujazia kilikwama wazi nikiwa mita 12. Hewa ikawa inaingia tu. Nikachomoa bomba linaloleta hewa kwenye kitufe, nikavuta kamba ya kutolea hewa, nikatulia. Zilikuwa sekunde chache, lakini sekunde hizo ndizo zinazoamua kama utapaa mpaka juu kama kizibo na kuumiza mapafu. Mimi nilikuwa nimeshafanya mazoezi hayo mara nyingi. Nilijiuliza yeye angefanya nini, nikaona sitaki kulijua jibu kwa njia hiyo.

Kwa hiyo jaketi ni lake. Tumechagua lenye umbo la koti, lenye kibofu kinachozunguka mpaka ubavuni ili limshike wima juu ya maji, saizi ndogo, nguvu ya kuinua kilo 11, uzito wa kilo 2.6. Si jepesi kuliko yote sokoni, kuna yanayolipita kwa nusu kilo, lakini zile kilo 3 linaingia. Mimi nitakodi huko huko Mafia, na kabla ya kuingia majini nitalijaza, nitalisikiliza, na nitabonyeza kila kitufe mara tano. Nanyi fanyeni hivyo kwa jaketi lolote la kukodi, hata mkiambiwa ni jipya.

Ya mwisho kwa atakayenunua. Likifika nyumbani lijaze jioni uliache mpaka asubuhi. Likinywea, lina tundu. Baada ya kila safari lioshe kwa maji baridi nje na ndani, toa maji yote, lijaze nusu na ulianike kivulini. Maji yakibaki kibofuni chumvi inaganda na kuharibu valvu, na nusu lita iliyosahaulika humo ni nusu kilo kwenye mizani ya ndege.

Dadangu ameshalivaa sebuleni mara nne, na mkanda wa kiunoni juu ya kanga. Anasema halimpandi masikioni. Mengine tutayaona Chole.

Haya, kwaherini kwa sasa.