Kompyuta Inayojizima Katikati ya Hesabu

Hapa tumezoea kuzungumzia viwavijeshi, dumuzi na mbolea. Leo naomba niseme kuhusu kompyuta mpakato, kwa sababu msimu huu nimeshuhudia ugomvi wa magunia ulioletwa na mashine.

Kuna mama anayenunua mahindi kijijini kwetu kwa mali kauli: mzigo anachukua leo, fedha analipa akishauza. Kila gunia likipimwa huandika uzito kwenye kompyuta yake ya mtumba. Siku hiyo ya kupima ilijizima mara nne. Jioni mzee mmoja akasema ameleta magunia tisa, kompyuta ikaonyesha saba. Wote wawili nawafahamu, hakuna mwongo pale. Magunia mawili ya mwisho yalipimwa na kuandikwa, mashine ikazima kabla hayajahifadhiwa. Kilichowaokoa ni kijana wa mizani, ambaye huchora mistari ya chaki mlangoni kwa mazoea tu.

Fundi mmoja wa mjini alishamwambia ubao mkuu umekufa, anunue nyingine. "Bwana shamba, wewe unaonaje? Nina hela ya mbegu tu," akaniuliza.

Mimi si fundi. Lakini mkulima akiniletea habari ya mmea unaonyauka, namuuliza kwanza: unanyauka saa ngapi? Unaonyauka mchana na kuinuka jioni una shida tofauti na ule uliolala tangu alfajiri. Kompyuta nayo niliiulizia hivyo hivyo. Akasema asubuhi inakaa hata saa mbili, mchana haimalizi nusu saa. Ikizima akiiwasha papo hapo, inazima tena baada ya dakika chache. Akiiacha ipoe, inakaa. Kabla ya kuzima, feni hulia kama nzi kwenye chupa.

Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi, na joto likizidi kupanda mashine hujikatia umeme yenyewe ili isiungue. Na chanzo kilikuwa wazi: ghala lake limepakana na mashine ya kusaga, na kompyuta alikuwa akiiweka juu ya gunia la pumba. Tundu za hewa ziko chini, gunia linaziziba, na feni inavuta unga.

Tuliizima kabisa, tukachomoa chaja, tukafungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo na kuchomoa waya wa betri. Kati ya feni na yale mapezi membamba ya kupozea kulikuwa na tabaka la unga na vumbi, zito kama kitambaa. Tulilitoa kwa brashi laini ya rangi, kisha tukapuliza kwa pampu ya baiskeli huku feni tumeizuia kwa kijiti cha meno isizunguke. Kompresa ya kujazia matairi sikuiruhusu: ina nguvu mno, na mara nyingi hutema maji. Kama baada ya usafi bado inachemka, mwambie fundi abadilishe ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na bati la kupozea, kwa maana hukauka kwa miaka. Hiyo ni kazi ndogo kuliko kununua kompyuta.

Mchana huo ilifanya kazi hadi jioni. Kisha umeme ukakatika kijijini, na kompyuta ikazima sekunde ileile.

Hapo wengi husema "ugonjwa ni uleule". Sivyo. Ikizima umeme unapokatika, au betri ikionyesha asilimia 30 halafu giza, hiyo ni betri iliyochoka. Kwenye Windows, fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika powercfg /batteryreport, nayo itakutengenezea ripoti yenye uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ya mama ilibakiwa na chini ya robo. Betri ikiwa imevimba na kuinua kibodi, acha kuitumia siku hiyohiyo, usiitoboe wala kuikandamiza, inaweza kuwaka moto.

Ikiwa inazima ukitikisa waya, tazama chaja na tundu lake. Chaja ya kununua lazima iwe na volti zilezile zilizoandikwa kwenye kompyuta, na ampea zilezile au zaidi. Wa sola na jenereta, jaribuni kwanza kwa umeme wa gridi mahali pengine kabla ya kuilaumu mashine.

Ukishapita yote hayo na bado inazima ikiwa baridi, hapo ndipo habari ya ubao mkuu inaanza kuniingia akilini.

Upande wa hesabu, Excel kwa kawaida huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Kwa siku ya kupima hizo ni nyingi mno. Ipunguze iwe dakika 1, na bonyeza Ctrl na S baada ya kila gunia. Mama sasa anaweka kompyuta juu ya ubao wenye miguu minne ya vizibo vya soda, mbali na ukuta wa mashine. Betri atanunua akishauza. Chaki ya mlangoni inaendelea, na mzee yule huihesabu mwenyewe kabla hajaondoka.